Kiwavi amekakamaa lakini hajadondoka: dawa imeshindwa au bado inafanya kazi?

*"Mtaalamu, shikamoo. Nina ekari tatu za mahindi huku Kaliua, yana majani saba hadi nane, na yameingiliwa na viwavijeshi vamizi. Nilinunua dawa ya klorantraniliproli nikapiga asubuhi, kifuniko kimoja kwa pampu ya lita 20 ili chupa ivuke ekari zote. Kesho yake nimefungua mioyo ya mahindi nikawakuta bado wamo. Wengine wamefupika na kukakamaa, ukiwagusa wanatikisika kidogo. Muuza duka anasema nizidishe mara mbili na nichanganye na dawa ya pamba. Jirani anasema viwavi wameshaizoea. Kijana wangu wa kidato cha sita anasema dawa hii inapiga protini za misuli, na protini za misuli ni zilezile kwa wadudu na kwa watu, hivyo hata mahindi yenyewe tusiyale. Nina mizinga ya nyuki mpakani mwa shamba. Nifanye nini?"*

Marahaba. Kwanza weka pampu chini, usirudie kupiga leo. Kiwavi uliyemweleza, aliyefupika, amekakamaa na akiguswa anatikisika tu, ndivyo anavyoonekana kiwavi ambaye dawa hii imempata. Hajafa, lakini pia hali tena. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni kile kifuniko kimoja, na hilo nitalirudia kwa kirefu.

Wakulima wengi tumezoeshwa na dawa za pareto ya kiwandani, zile ambazo ukipiga asubuhi, kabla hujafika mwisho wa mstari wadudu wanadondoka. Dawa hizo zinashambulia neva. Zinaacha wazi vilango vya sodiamu, neva inapiga kelele bila kunyamaza, mdudu anaparaganyika na kuanguka. Ni tamthilia nzuri, ila kuanguka si kufa: kiwavi mwenye vimeng'enya vya kuivunja dawa hiyo anaweza kuzinduka usiku na kupanda tena kwenye mhindi. Dawa uliyonunua wewe haigusi neva kwanza. Inaingia ndani ya msuli wenyewe, na msuli hufa kwa namna nyingine.

Kiwavi hana mifupa. Ni mfuko wa maji uliozungushiwa misuli, na misuli hiyo ni mingi kuliko mtu anavyodhania. Mholanzi Pierre Lyonet, katika karne ya 18, alimpasua kiwavi mmoja wa mti kwa subira ya ajabu na kuhesabu misuli zaidi ya 4,000, wakati binadamu tuna mia sita na kitu. Kichwani, sehemu kubwa ya nafasi imejazwa na misuli ya kufungia taya. Hiyo ndiyo inayokula mahindi yako.

Ndani ya kila msuli kuna nyuzi za aina mbili zilizopangwa kama meno ya vitana viwili vinavyoingiliana. Uzi mnene umetengenezwa na protini iitwayo mayosini, wenye vichwa vidogo vilivyochomoza pembeni. Uzi mwembamba ni aktini. Vichwa vya mayosini vikiikamata aktini na kuivuta, nyuzi zinapishana, msuli unafupika. Ili visivute ovyo, juu ya aktini kumelazwa kamba nyembamba ya tropomayosini inayoziba mahali pa kushikia, na kamba hiyo inalindwa na protini tatu za troponini zinazofanya kazi kama komeo. Ufunguo wa komeo hilo ni kalsiamu. Kalsiamu ikija, troponini inajikunja, kamba inasogea, mayosini inavuta. Ikiondoka, msuli unalegea.

Kalsiamu hiyo haikai hovyo. Imehifadhiwa kwenye ghala, kifuko chenye ngozi nyembamba kilichozizunguka nyuzi. Mlangoni mwa ghala kuna protini kubwa mno: vipande vinne vinavyofanana vimekaa duara kuzunguka tundu moja, na kila kipande kina zaidi ya asidi amino 5,000, yaani matofali yanayojenga protini. Wataalamu wanaiita kipokezi cha rianodini, jina lililotokana na mmea wa Amerika ya Kusini, Ryania, ambao shina lake lililosagwa lilitumika kuulia wadudu tangu miaka ya 1940. Mimi nitaiita lango. Neva ikitoa amri, lango linafunguka kwa kitambo kidogo sana, kalsiamu inamwagika, msuli unavuta, kisha pampu za ghala zinairudisha ndani.

Klorantraniliproli na ndugu yake flubendiamidi hukaa pembeni mwa lango hilo na kulizuia lisifunge. Kalsiamu inavuja mfululizo. Msuli unavuta na kubaki umevuta, ndiyo maana kiwavi wako amefupika. Baada ya muda ghala linabaki tupu, amri ya neva inakuja na haina cha kufungulia. Taya zinakoma kwanza, ndani ya saa chache. Kiumbe mzima hufa siku ya pili hadi ya nne, kwa njaa, kupooza na kukauka. Kwa hiyo kesho yake asubuhi kumkuta bado yumo kwenye moyo wa mhindi ni jambo la kawaida.

Siku ya kwanza usihesabu viwavi, angalia kinyesi. Fungua moyo wa mhindi, futa ile takataka iliyo kama maranda ya mbao, halafu uwache mpaka kesho. Ukikuta kinyesi kipya, kibichi, cha kijani kinachong'aa unyevu, kuna kinywa kinachofanya kazi humo. Ukikuta pakavu, dawa imefika. Mtoe na kiwavi mwenyewe, mlaze chali kwenye kiganja chenye glovu au kwenye jani: asiyeweza kujigeuza mwenyewe mhesabu maiti, hata kama miguu inatetemeka.

Sasa tuje kwa jirani yako. Kusema "wameizoea" kunapoteza watu wengi. Kiwavi mmoja haizoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Aliyeanguliwa akiwa dhaifu kwa dawa hii atakufa akiwa dhaifu. Kinachobadilika ni kizazi, na kinabadilika kupitia jeni ya lango nililoeleza. Wadudu wana jeni moja tu ya lango hili, kila kiwavi ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika mamilioni ya nondo, mara chache herufi moja ya jeni hukosewa wakati wa kunakiliwa. Kwa mdudu wa kabichi, nondo mgongo wa almasi, wanasayansi walionyesha mwaka 2012 kwamba herufi G ikigeuka A mahali pamoja, asidi amino nambari 4946 inabadilika kutoka glisini kuwa asidi glutamiki. Lango linaendelea kufunguka na kufunga kama kawaida, lakini dawa haipati pa kushika. Hiyo ilitokea Ufilipino na Thailand, miaka michache tu baada ya dawa kuingia sokoni. Kantangaze wa nyanya naye ana badiliko la aina hiyohiyo, lilionekana Ulaya ya kusini.

Kwa kiwavijeshi vamizi, huko Brazili yalikotangulia mashamba makubwa yanayopuliziwa mara kwa mara, badiliko lililopatikana ni la asidi amino nambari 4734: isolusini imekuwa methionini. Cha kufurahisha ni kwamba nzi wa matunda ana methionini mahali hapo kwa asili yake, na ndiyo sababu mojawapo flubendiamidi haimsumbui sana. Kiwavi sugu hakubuni kitu kipya. Ameangukia tahajia ambayo wadudu wengine wanayo tangu zamani.

Mdudu huyu alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017. Sampuli za mwanzo za Afrika zilipochunguzwa jeni, badiliko la lango halikuonekana. Kilichoonekana ni mabadiliko yanayowapa usugu dhidi ya dawa za ogano-fosfati, ambazo ni sehemu ya hizo "dawa za pamba" unazoshauriwa kuchanganya. Ungelipia chupa ya pili, ukajiumiza wewe na nyuki, huku ukimpiga kiwavi kwa fimbo ambayo kinga yake amekuja nayo kutoka kwao.

Basi, kifuniko. Usugu wa lango hili kwa kiwavijeshi hurithiwa kwa namna iliyojificha: mwenye nakala mbili sugu anapona hata kwa kipimo kamili, lakini mwenye nakala moja sugu na moja ya kawaida, kwa kipimo kamili wengi wao wanakufa. Malango yake mengi bado yana vipande vinavyoshikika. Kwa kipimo pungufu huyo wa nakala moja anabanwa, anaugua, anapona, anakuwa nondo.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Tuseme katika eneo lako nakala moja kati ya kila 100 ni sugu. Katika viwavi 10,000, wenye nakala mbili sugu watakuwa mmoja tu. Wenye nakala moja watakuwa 198. Ukipiga kipimo kamili kikawafikia wote, anabaki yule mmoja na wachache waliobahatika. Akiwa nondo ataruka kutafuta mwenza, na kwa kuwa amebaki peke yake atampata wa kawaida kutoka shamba la jirani au kwenye majani ya porini. Watoto wao wote watakuwa na nakala moja, ambao kipimo kamili kinawaweza. Ukipiga nusu, wanabaki 199. Hao wanaoana wao kwa wao, robo ya watoto wao wanazaliwa na nakala mbili. Nondo jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000 na kizazi kinakamilika kwa siku 30 hivi wakati wa joto. Kwa hiyo kubana chupa moja ivuke ekari tatu ni njia ya haraka ya kuleta Kaliua kile ambacho hatujakiona hapa.

Kuzidisha mara mbili nako hakusaidii. Mwenye nakala mbili sugu, dozi mbili hazimuui kwa kuwa tatizo lake si uchache wa dawa bali mahali pa kushikia. Unachoongeza ni gharama na sumu shambani.

Chukua sirinji ya mililita 10 au 20 kutoka duka la dawa, iwe ya shamba tu. Vifuniko vya chupa havilingani, kimoja kinabeba mililita 5, kingine 10. Soma lebo na uifanyie hesabu ya pampu yako: kwa mfano lebo ikisema mililita 10 kwa lita 20, pampu ya lita 16 inataka mililita 8. Tia maji nusu ya pampu, weka dawa, tikisa, jaza yaliyobaki. Piga kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa sababu kiwavi huyu hutoka kula usiku na jua la mchana la Tabora linakausha matone kabla hayajashuka. Elekeza nozeli juu ya moyo wa kila mhindi mpaka uone maji yametuama ndani. Kupulizia majani kwa kupunga mkono huku unatembea ni kulinywesha shamba, kiwavi hapati kitu.

Ukubwa wa kiwavi ndio unaoamua zaidi ya jina la dawa. Anapitia hatua sita, na sehemu kubwa kabisa ya ulaji wake iko katika hatua mbili za mwisho. Ukiona majani yana vidirisha, ngozi nyeupe inayoangaza bila tundu, viwavi ni wadogo na huo ndio wakati. Ukisubiri majani yawe matambara, kiwavi amefika sentimita tatu na amejifunika kinyesi kama kizibo. Dawa inaishia juu ya kizibo. Tembea shamba kwa umbo la W, simama mahali patano, kila pahali kagua mimea 20. Kwa mahindi ya umri wako, kama mimea yenye viwavi hai ni chini ya 20 kati ya hiyo 100, okoa pesa yako. Mioyo iliyobaki na wakubwa wachache, watoe kwa mkono uwaponde. Kwa ekari tatu na watoto wakiwa likizo ya Desemba, kazi hiyo inawezekana, na hakuna jeni inayomkinga mdudu na kisigino.

Kama baada ya siku nne bado una kinyesi kibichi, usikisie. Fanya jaribio hili nyumbani. Kusanya viwavi 40 wa sentimita moja hivi kutoka kona usiyopiga dawa. Kila mmoja umuweke peke yake kwenye kikopo kidogo au chupa ya maji iliyokatwa, kwa kuwa wanakulana, na ukiwachanganya asubuhi utakuta ushahidi umeliwa. Changanya dawa kwa kipimo cha lebo katika lita moja, chovya vipande vya jani la mhindi kwa sekunde 10, vianike kivulini mpaka vikauke. Viwavi 20 wape vipande hivyo, 20 wape vilivyochovywa maji matupu. Angalia baada ya saa 24, 48 na 96, ukiwageuza chali kwa njiti ya ufagio.

Wa maji wakifa zaidi ya wawili au watatu, jaribio limeharibika, pengine wamepata joto au jani lilikuwa na dawa ya zamani, rudia. Wa maji wakiwa hai na wa dawa wamekufa 18 au wote, dawa yako ni nzima na viwavi si sugu, tatizo lilikuwa kipimo, saa au nozeli. Wa dawa wakinusurika watano au zaidi, bado usitamke neno usugu. Nunua chupa nyingine yenye namba tofauti ya toleo, ikiwezekana duka jingine, urudie. Chupa ya pili ikiua, ya kwanza ilikuwa bandia, imeisha muda au ilikaa juani. Zote mbili zikishindwa, hapo ndipo uniamini kwamba ni jambo la wataalamu wa maabara, maana badiliko la lango halionekani kwa macho, linasomwa kwenye jeni.

Ukifika huko mtafute afisa ugani wa kata, mwombe akufikishe kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Tumbi, hapo Tabora. Viwavi wa kupimwa jeni usiwapeleke wakiwa wameoza kwenye mfuko wa nailoni. Waweke wazima kwenye spiriti kali, kila shamba chupa yake, andika kijiji na tarehe kwa penseli. Chupa unayoishuku ni bandia ni suala la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Itunze pamoja na risiti, usiichome.

Katika mzunguko ujao wa viwavi, yaani baada ya mwezi mmoja hivi, usirudi kundi hilohilo. Lebo nyingi zina kisanduku chenye namba ya kundi la utendaji, na yako ni 28. Chagua 5 au 6. Kundi 6, kama emamektini benzoati, linafungua vilango vya kloridi, na msuli unanyamaza badala ya kubana: kiwavi anakuwa teketeke kama uzi wa mkufu uliokatika. Ukimwona hivyo safari hiyo usishangae.

Kijana wako ameelewa nusu, na ni nusu nzuri. Ni kweli sisi pia tuna mayosini, aktini, troponini na lango la kalsiamu. Lakini sisi tuna jeni tatu za lango, na mfuatano wa asidi amino za lango letu unafanana na wa wadudu kwa chini ya nusu. Dawa hii inashika la kiwavi kwa mamia ya mara kuliko letu. Mahindi yenye majani nane yako mbali na jikoni; zingatia tu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo, na usiwape mbuzi mimea uliyong'oa wiki hii. Vaa glovu na barakoa, kwa sababu chupa ina viyeyusho vingine pia. Mtu akiimeza au akizidiwa baada ya kupulizia, mpelekeni kituo cha afya na chupa yenyewe, daktari asome lebo.

Kuhusu nyuki, umebahatika na chaguo lako: klorantraniliproli ikiwa peke yake ina sumu ndogo kwa nyuki waliokomaa. Dawa ya pamba uliyoambiwa uchanganye, na hiyo emamektini ya mwezi ujao, zinaua nyuki vibaya. Ukilazimika kutumia ya pili, iwe jioni baada ya nyuki kurudi na kabla mahindi hayajatoa mbelewele, kwa kuwa yakishatoa, nyuki wako watashinda humo asubuhi wakichuma chavua. Na pampu usiisuuzie mtoni wala kwenye lambo. Lango hilihili wanalo hata vijidudu wa majini ambao samaki wanawala, na wao hawavumilii hata kidogo; maji ya kusuuzia yapulizie kwenye mstari wa mwisho wa shamba.